Koni Imelegea, Imeganda, Imeungua: Kosa ni la Mashine, la Rojo au la Hewa ya Mombasa?

Kila baada ya Idi watu huja mlangoni kwangu na maboksi. Wengine wamenunua mashine ya koni ili watoto wasimalize pesa zote za sikukuu kwenye aiskrimu za uwanja wa Makadara. Wengine wametumiwa na jamaa walioko Dubai, Omani au Marekani. Neno lao ni moja: "Mashine hii mbovu." Mimi huwaomba koni kwanza, boksi baadaye. Nikiishika, nikaivunja, nikatazama rangi ya pande zake mbili, huwa nimeshajua pa kuanzia.

Mara nyingi kosa lilifanyika dukani, kabla yai la kwanza halijavunjwa. Ndiyo sababu napanga maelezo haya kwa dalili. Aliye na mashine atajua airekebishe vipi, na ambaye bado hajanunua atajua cha kukimbia.

Kimkate ni kinene, kina vishimo virefu, hakikunjiki kabisa

Hiyo si mashine ya koni. Ni mashine ya mikate ya vishimo, ile minene inayomiminiwa asali asubuhi hotelini. Zikiwa zimefungwa zinafanana kabisa, na madukani huwekwa rafu moja, kwa hivyo usione haya kumwomba muuzaji afungue boksi. Pitisha kidole juu ya bamba la chuma. Mashine ya koni ina mistari ya juujuu tu, kina chake milimita moja au mbili. Kidole kikizama, rudisha.

Ziko aina tatu za kuchagua. Ya kwanza ina mabamba mawili ya duara yanayofungana. Inachoma kimkate chembamba, nawe unakiviringisha kikiwa moto kwenye pia, yaani kijiti cha mbao chenye umbo la koni. Hii ndiyo ninayowashauri watu wengi. Bamba la sentimita 18 hivi linatoa koni ya ukubwa wa kawaida. Ya pili ni ya kalibu: unamimina rojo kwenye tundu lenye umbo la koni au kikombe, kinatoka kimeshaumbika. Haikuunguzi vidole, lakini koni zake ni za kikombe, laini kidogo, zisizo na ule utamu wa sukari iliyoiva. Ya tatu ni chuma cha mkono cha kuweka juu ya gesi au jiko la makaa. Hicho nitakirudia mwishoni, maana kina wenyewe.

Koni za kalibu na za kukunja zimeshindana tangu mwanzo. Italo Marchiony, Mtaliano aliyeuza aiskrimu New York, alipata hataza ya kalibu ya vikombe vya kuliwa mwaka 1903. Mwaka uliofuata, kwenye maonyesho makubwa ya St. Louis, inasimuliwa kwamba Msyria aitwaye Ernest Hamwi alikuwa akiuza zalabia karibu na muuza aiskrimu, naye akazikunja kumsaidia jirani aliyeishiwa na vyombo. Wapo wengine kadhaa waliodai kwamba wao ndio waliotangulia. Mimi napenda kwamba jina ni letu pia. Ila zelabia yetu ya futari ni ya kukaangwa na kuchovywa shira, na ile ya Hamwi ilikuwa kimkate chembamba kilichochomwa kati ya vyuma viwili. Mashine yako ya leo ni mjukuu wa vyuma vile.

Dakika nne zimepita na kimkate bado cheupe

Kimkate kinatakiwa kiive kwa dakika moja na nusu mpaka mbili na nusu, mabamba yakiwa na joto la nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi. Kikichelewa, uliza mambo haya kwa utaratibu huu.

Je, uliingoja? Taa inapozima kwa mara ya kwanza, bamba limepata joto la juu tu, mwili wa chuma bado. Iache taa iwake na kuzima mara mbili au tatu ndipo umimine. Na ukishamaliza kuviringisha, funga. Nimeona watu wanaacha mashine wazi kama dirisha huku wakihangaika na koni ya kwanza, kisha wanashangaa ya pili inakuwa nyeupe.

Kama uliingoja, tazama stima. Mashine ya koni ni koili ya kupasha joto, na nguvu ya koili hushuka haraka kuliko stima yenyewe. Stima ya Kenya ni volti 240. Ikishuka mpaka 200, kama inavyotokea mitaani magharibi kila mtu akiwa amewasha, mashine ya wati 1,000 haibaki na wati 830 kama mtu angedhani. Inabaki na kama 690, karibu theluthi imepotea. Jaribu mashine ileile saa nne asubuhi. Ikichoma vizuri asubuhi na kudorora jioni, mashine haina kosa. Ekstensheni ndefu yenye waya mwembamba huongeza shida. Chomeka ukutani moja kwa moja.

Kwa hiyo ukinunua, soma kibandiko cha chini. Mashine nyingi za nyumbani ni wati 700 hadi 1,200. Kwa nyumba ambayo stima yake hushuka, usinunue ya wati 700. Na usihofu tokeni: mashine ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima bila kupumzika inakula yuniti moja, na haiwaki bila kupumzika, kwa kuwa themostati huikata na kuiwasha.

Iliwaka mara moja, ikatoa moshi, ikafa

Hili linaniuma kila ninapoliona, kwa kuwa halirekebishiki kirahisi na aliyeleta zawadi alikuwa na nia njema. Marekani hutumia volti 120. Mashine ya huko iliyoandikwa wati 1,000 ukiichomeka kwetu, volti zinazidi mara mbili na nguvu inazidi mara nne: inajaribu kuvuta wati 4,000, karibu ampea 17, ilhali fyuzi ya plagi yetu ya pini tatu ni ampea 13. Bahati yako ikiwa njema, fyuzi ndiyo itakayokwenda. Mara nyingi themostati au koili hutangulia. Za Japani ni volti 100, mbaya zaidi.

Kibadilishi cha plagi hakipunguzi volti. Kinabadilisha umbo la pini basi. Kinachopunguza ni transfoma, na iwe imeandikwa wati nyingi kuliko za mashine. Kwa mashine ya wati 1,000 mimi singekubali chini ya 1,500. Transfoma ya namna hiyo ni nzito kama jiwe, na bei yake mara nyingi inatosha kununua mashine mpya ya volti zetu. Jamaa akiwa Dubai au Omani, mwambie anunue bila wasiwasi, maana volti zao zinaingia kwetu na plagi zao ni za pini tatu kama zetu. Vilevile mtumba uliotoka Uingereza. Ukiona "220-240V" kwenye kibandiko, sawa.

Ukiichomeka, stima ya nyumba nzima inajikata

Alikuja mama mmoja kutoka Kisauni na mashine aliyoitumia mara tatu tu, kisha akaiweka chini ya sinki tangu Rajabu mpaka Mfungo Mosi. Alipoichomeka, swichi kuu ikaruka. Akarudia, ikaruka tena. Alikuwa ameshaambiwa mtaani ainunulie koili mpya.

Koili hizi zimezungushiwa unga mweupe ndani ya bomba la chuma, uitwao magnesia. Unga huo huzuia stima isifike kwenye chuma, lakini hunyonya unyevu wa hewani. Mashine ikikaa miezi mahali penye unyevu, na Mombasa ni wapi pasipo unyevu, stima huanza kuvuja kidogo kwenda kwenye waya wa ardhi, na swichi ya usalama hukata, kama inavyotakiwa. Dawa yake ni kuikausha, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye kipimo. Ya mama yule ilikaushwa, ikapimwa, na inafanya kazi mpaka leo.

Nakusihi jambo moja hapa. Kuna mafundi wanaokata waya wa ardhi ili swichi isiruke. Koni zitachomeka, ndiyo, lakini siku stima ikifika kwenye bamba, itapita kwa mtoto aliyeshika mpini. Fundi akikupa dawa hiyo, chukua mashine yako uondoke. Nawe ukinunua, usinunue mashine ya chuma yenye plagi ya pini mbili, na utazame alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Ukimaliza kuitumia, ifute, ipoe, uifunge ndani ya mfuko wa plastiki mzito na uiweke juu kabatini. Iwashe japo mara moja kwa mwezi.

Kimkate kinaganda na kutoka vipandevipande

Koni mbili za kwanza siku yoyote ni za kutupa au za mpishi, usizihesabu. Zikifuata nyingine zinazoganda, sababu ya kawaida ni haraka. Kimkate kisichoiva hushika juu na chini, na ukifungua kinapasuka katikati. Ngoja mvuke upungue kabisa pembeni ndipo ufungue. Sababu ya pili ni sukari nyingi kuliko kipimo. Ya tatu ni mafuta ya kopo la kupuliza, ambayo huacha utando unaonata na kuwa kahawia kila ukichoma. Tumia samli kidogo kwa brashi, mara moja mwanzoni.

Mpako wa nonstiki ukishakwaruzwa kwa kisu, haurudi. Tumia mwiko wa mbao. Mpako huo pia hauvumilii joto la kupita kiasi: ukifika nyuzi 260 huanza kuharibika na kutoa moshi ambao unaweza kuua ndege wa tundu. Kama unafuga ndege jikoni, mhamishe. Na mashine isiyo na themostati, ile inayowaka tu mpaka uchomoe, mimi siinunui hata kwa bei ya bure.

Upande mmoja mweusi, mwingine mweupe

Ikiwa ni juu na chini, koili moja imekufa au inakufa. Mwagia matone machache ya maji mabamba yote mawili: lenye uhai litalia na kukausha mara moja. Peleka kwa fundi.

Ikiwa ni mbele na nyuma, yaani kimkate ni kinene kwa mpini na chembamba kwa bawaba, tatizo ni bawaba yenyewe. Bawaba iliyokazwa hufunga kama kitabu, ikisukuma rojo upande mmoja. Bawaba nzuri inacheza kidogo, bamba la juu linashuka sawasawa. Dukani ifungue na kuifunga mara kadhaa, uitazame kwa ubavu. Kibanio cha mpini nacho kiwe cha chuma. Cha plastiki hulegea na kimkate kinafura. Ikiwa umeshanunua yenye bawaba ngumu, mimina rojo nyuma kidogo ya katikati, karibu na bawaba, halafu bana. Inasaidia kwa kiasi.

Kinavunjika unapokikunja

Una sekunde kumi, labda kumi na tano. Sukari iliyoyeyuka ndiyo inayofanya kimkate kikunjike kama leso kikiwa moto, na ndiyo hiyohiyo inayokifanya kigumu kikipoa. Ukipunguza sukari kwa sababu ya afya, umepunguza uwezo wa kukunjika, na hakuna mashine itakayokuokoa. Kipimo changu: mayai 2, sukari gramu 100, samli au siagi iliyoyeyushwa gramu 60, maziwa mililita 80, unga wa ngano gramu 110, chumvi kidogo, hiliki iliyotwangwa. Koroga, acha ipumzike nusu saa. Rojo iwe kama uji mzito unaomiminika, si kama ya maandazi. Zinatoka koni kumi hivi. Unaweza kuweka tui la nazi badala ya maziwa, harufu yake inapendeza, ila likiwa zito punguza samli.

Tazama pakiti ya unga. Ule uliotiwa bekingi poda tayari hufurisha kimkate, kikawa kinene na chenye matundu, na kikikunjwa kinapasuka. Huu ndio ugonjwa wa koni unaotibika kwa pesa kidogo kuliko yote.

Pia iwe ya mbao, iliyokauka. Ya plastiki hushika mvuke ndani ya koni. Vaa glavu za pamba, bana ncha kwanza, viringisha, kisha ishike mshono ukiwa chini mpaka igande.

Ilikuwa kavu, sasa imelegea

Hapa ndipo Mombasa inapojitenga na nchi nzima. Ndugu zetu wa Nairobi huacha koni mezani hadi kesho. Hapa, mwezi wa tano mvua za masika zikiwa zimekolea, koni niliyoiacha sinia jikoni Tudor imekunjama kabla sijamaliza kuosha vyombo. Watu wanalaumu mashine, na mara nyingi hawana haki. Lakini si mara zote, na kuna jaribio la kutenganisha.

Choma kimkate kimoja. Usikikunje, kiweke juu ya waya wa kupozea keki kwa dakika tano, kisha kivunje. Kikipinda badala ya kuvunjika, hakikuiva: maji yalibaki ndani. Ongeza nusu dakika, au rudi kwenye habari ya volti hapo juu. Rangi iwe ya dhahabu ya kahawia, si ya krimu. Watu wengi wanaogopa kuunguza, wanatoa mapema, na koni nyeupe haiwezi kukaa kavu popote duniani.

Kikivunjika kwa mlio dakika ya tano na kulegea baada ya saa mbili, mashine na mikono yako viko salama. Ni hewa. Sukari iliyomo ndani ya koni iliyopoa iko kama kioo, na kioo hicho kinanyonya maji ya hewani mpaka kinalainika. Asali hunyonya zaidi, kwa hivyo usibadilishe sukari kwa asali, hata kama umeona wengine wakifanya. Usizipange koni zikiwa bado na joto, wala usizitie kwenye mfuko zikiwa na joto. Zitajilowesha kwa mvuke wao wenyewe. Zikipoa tu, si dakika ishirini baadaye, zitie kwenye bati la biskuti lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, ukivifunga kwa kitambaa ili mtoto asivile. Kuna wanaotia mchele. Mchele haufui dafu mbele ya hewa yetu.

Friji nayo inadanganya. Koni iliyowekwa humo bila kufungwa hulegea, na ukiitoa, umande unaishika palepale.

Iliyolegea haijafa. Itie kwenye ovini ya nyuzi 120 kwa dakika tano au sita. Itakuwa laini zaidi kwanza, usiogope. Isimamishe kwenye pia au kwenye glasi ndefu mpaka ipoe, itakauka tena. Unaweza kufanya hivyo mara moja, ya pili inakuwa na ladha ya kuungua.

Kwa anayeuza, hesabu hii ndiyo ya kuchagulia mashine. Mimi sichomi koni za kesho. Nachoma za jioni hii, alasiri, na kwa sababu hiyo nilinunua mashine ya bamba mbili, inayotoa vimkate viwili kwa pamoja. Hata hivyo, usinunue hiyo kabla mikono haijazoea: vimkate viwili vikiwa tayari kwa wakati mmoja, na sekunde kumi za kukunja, kimoja kitavunjika.

Aiskrimu inavuja nchani

Ncha haikubanwa. Dondoshea chokoleti iliyoyeyuka ndani, tone moja, izibe. Mwezi wa pili na wa tatu, joto likipita nyuzi 30, chokoleti halisi hulainika mkononi. Hapo tumia ile ya kupakia keki yenye mafuta ya mboga, inastahimili zaidi. Au kunja upya ncha ikiwa moto, ukiibonyeza kwa nguvu kidogo.

Stima yenyewe haipo

Nilisema nitarudi kwenye chuma cha mkono. Shangazi yangu wa Mji wa Kale hajawahi kumiliki mashine ya umeme. Ana vyuma viwili vya aluminiamu vyenye mipini mirefu, anavipasha juu ya jiko la makaa, anamimina, anageuza baada ya nusu dakika, anageuza tena. Havina taa, havina themostati, havina koili ya kunyonya unyevu. Anajua joto kwa kuweka kiganja karibu na chuma. Nilipomuuliza kama nimnunulie ya umeme, alinijibu, "Mwanangu, hiki sijawahi kukipeleka kwa fundi."

Kwa anayeanza, chuma hicho huunguza vimkate vingi kabla mkono haujajua. Kwa anayeishi mahali stima inapotea mara kwa mara na ana gesi jikoni, kinafaa kuliko mashine yoyote. Ukikinunua, kiwe kizito, kwa kuwa chembamba hupata joto madoamadoa. Na kabla ya kukitumia kipake samli, kipashe, kifute, mara tatu, ndipo umimine rojo ya kwanza.